Mbao tatu za nyumba ya kando ya ziwa: ipi ya kuchukua, ipi ya kuacha

Karibuni watazamaji. Hapa mezani nina vipande vitatu vya mbao, na vyote vinauzwa kwa sifa ile ile: vinastahimili maji, ni rafiki wa mazingira. Haya, tuone.

Kwanza nikwambie ninavyopima. Kama una kiwanja ziwani, panda mtumbwi, kitazame ukiwa majini. Huko ndiko wenzako wanakoiona nyumba yako, na kinachowaumiza macho mara nyingi ni mng'ao kuliko ukubwa: paa jeupe, bati jipya, ukuta wa rangi ya kumeremeta. Kwa hiyo nauliza: mbao hii ikishapigwa jua na mvua, itasogea karibu na rangi ya magogo na mawe yaliyopo, au itabaki kujitangaza?

Kipande cha kwanza ni mchanganyiko wa unga wa mbao na plastiki. Sogezeni macho hapa. Mnaona hiki kifundo? Sasa tazameni ubao wa pili: kifundo kile kile, pale pale. Ni chapa ya kiwandani. Ukitandaza baraza zima, jicho linagundua upesi. Haki yake tumpe: haitoi vibanzi, na haikusumbui kwa kupaka rangi. Lakini ile ya rangi nyeusi jua likiwaka haikanyagiki pekupeku, na joto huirefusha, kwa hiyo fundi lazima aache nafasi kwenye miisho. Tena vumbi lake la msumeno lina plastiki. Ukiikatia juu ya gati, imeingia ziwani hiyo.

Cha pili ni mbao iliyounguzwa uso, ufundi wa Wajapani kwenye mbao za mti wa sugi. Nyeusi tii, na kwenye kivuli cha miti inapotea kabisa. Ila angalieni kidole changu... masizi. Ukutani sawa. Kwenye kiti au kishikio cha ngazi, hapana, labda iwe imepigwa brashi na kupakwa mafuta.

Cha tatu ndicho ninachokipenda. Hii imepikwa kwenye tanuri lenye mvuke, kwa joto la nyuzi za Selsiasi kama 180 hadi 215, njia iliyoendelezwa sana Ufini miaka ya 1990. Dawa hakuna, ni joto tu. Ikishapikwa hainywi maji kama zamani, hivyo haivimbi na kupinda ovyo. Kasoro yake ni kwamba inakuwa kavu na dhaifu: ukiizamisha skrubu bila kutoboa kwanza, inapasuka, na usiifanye nguzo wala kuichimbia ardhini. Rangi hii ya kahawia nayo haidumu. Jua huigeuza kijivu. Wengi hulalamika, mimi naona hapo ndipo pesa yako inapofanya kazi. Kijivu kile ni cha gogo lililolala ufukweni. Kuipaka mafuta kila mara ili ibaki kahawia, sioni faida yake.

Kuna ya nne ambayo sikuileta, ile ya kijani iliyolowekwa dawa ya shaba. Shaba huvuja kidogo kidogo, na viumbe wa majini haiwafai. Za zamani zaidi zilikuwa na aseniki pia, ambayo ni sumu, kwa hiyo mbao za gati la zamani usizigeuze kuni.

Skrubu sasa, maana hapa ndipo watu wanapobana matumizi. Mbao yenye asidi nyingi ikikutana na chuma cha kawaida na unyevu, chini ya kila kichwa cha skrubu hushuka mchirizi mweusi, kama wanja uliolia. Chukua chuma kisichoshika kutu.

Na vioo? Msanifu majengo Le Corbusier aliwajengea wazazi wake nyumba ndogo kando ya Ziwa Geneva, Uswisi, ikakamilika 1924. Dirisha lake lina urefu wa mita 11, lakini ni mkanda mwembamba, na bustanini akaweka ukuta wenye tundu moja la kutazamia maji. Ziwa ukiliona lote muda wote, unalizoea. Kioo cha sakafu hadi dari kina balaa jingine: huakisi miti na anga, ndege hujibamiza. Kama huna budi, weka nukta upande wa nje, zisiachane zaidi ya sentimita 5.

Taa ziwe za njano, zielekee chini. Matete yaacheni pale yalipo. Yanashika udongo na kuchuja mbolea kabla haijalisha mwani. Pasua njia nyembamba tu ya kufikia maji.

Kwa hiyo mimi: kuta na baraza, iliyopikwa. Upande wa kivulini, iliyounguzwa. Ukienda dukani omba kipande, ukiache nje juani miezi kadhaa kabla ya kuagiza shehena nzima, maana muuzaji atakuonyesha kipya tu. Maswali yawekeni hapo chini, hasa mliojenga kwenye mteremko. Habari ya nguzo za nyumba ya mteremkoni nitaifanyia video yake.