Ndoo ya lita 20 yenye koki: usiinunue kwa ajili ya uji wa usiku

Kikundi kipya kikianza kuwapelekea uji watu wanaolala vibarazani na stendi za Mwanza, ndoo hii ndiyo hununuliwa kwanza. Inaeleweka: ni nyepesi, ina mfuniko, na koki inaonekana kama itaharakisha foleni.

Koki ndiyo inayoangusha kazi. Tundu lake lilitengenezewa maji. Uji wa ulezi wa kumshibisha mtu, yaani kilo 2 hadi 2.5 za unga kwa lita 20, hupita ukiwa wa moto sana tu. Ukianza kupoa unazidi kuwa mzito, donge moja linakwama, na mgawaji anabaki akiitikisa ndoo gizani. Foleni ikisimama, vijana wakubwa wanasogea mbele na mtoto wa miaka minane anasukumwa nyuma. Huyo ndiye mliyemfuata pale soko la samaki la Mwaloni saa nne usiku, na huyo ndiye atakayekosa.

Halafu kuna joto. Plastiki nyembamba hulainika ikimiminiwa uji unaochemka, na mkono wa waya huchomoka masikioni. Huo ni mzigo wa zaidi ya kilo 20 unaoweza kumwagikia miguu ya mtu, kwa hiyo kuupakia kwenye bodaboda ni hatari kabisa. Washa ya mpira, yaani kipete kinachoziba koki inapoingia kwenye ndoo, nayo hulegea kwa joto, uji unaanza kuvuja. Kaza nati kwa mkono, maana plaizi hupasua plastiki. Na kila baada ya kazi lazima koki ifunguliwe yote na kusuguliwa kwa brashi ndogo. Uji uliobaki ndani huchacha, hasa wenye maziwa au karanga.

(Tukitaja karanga: zisagwe siku ileile. Unga uliokwisha kuchanganywa na karanga, ukikaa wiki kadhaa mahali penye unyevu, unaweza kuota kuvu wanaotoa sumu, yaani sumukuvu.)

Kwa uji, bora sufuria ya lita 30 yenye mfuniko unaobana. Koroga unga kwenye maji baridi kwanza ili usifanye madonge. Ukiiva, funga mfuniko, zungushia blanketi kuukuu, tia ndani ya gunia, kisha pakia kwenye bajaji. Gawa kwa upawa. Kwa kikombe cha mililita 300, lita 20 hutoa vikombe 66, lakini hesabu 60 kwa sababu wa chini hubaki na mwingine humwagika. Hesabu vichwa kabla ya kufunua. Watu wakizidi, anza na nusu kikombe kwa wote. Unaobaki usilazwe hadi kesho.

Vipo vyombo vya chuma vya kuta mbili vinavyotunza joto vizuri zaidi. Bei yake ni kubwa mno kwa kikundi kinachochangishana, na fedha hiyo ni heri inunue unga.

Ndoo ya koki bado inafaa kwa chai ya rangi iliyokwisha kupungua moto, na zaidi kwa maji ya kunawa. Dukani igeuze utazame kitako: tafuta pembetatu yenye namba 5, alama ya plastiki aina ya polipropilini, na uachane na ndoo zilizowahi kubeba rangi. Ikae mwanzo wa foleni pamoja na sabuni, juu ya kigoda kifupi, mtoto aifikie koki mwenyewe bila kushikwa mkono.