Spermogramu Lubumbashi: kabla ya kusoma tarakimu, tazama saa

Labo nyingi za binafsi mjini zina darubini nzuri. Kinachoharibu spermogramu, yaani kipimo cha mbegu za mwanaume, hutokea kabla manii hayajafika chini ya darubini.

Labo inayojua kazi yake huuliza kwanza: siku ngapi bila tendo la ndoa? Ziwe 2 hadi 7. Umeugua homa kali miezi mitatu iliyopita? Kisha inakupa chupa safi yenye mdomo mpana na chumba chenye kufuli. Chumba hicho tunakipa alama nyingi kuliko mashine yoyote. Ukitolea nyumbani Katuba, taksi-bisi ikakwama njiani, saa moja inapita na mwendo wa mbegu unashuka. Karatasi itaandika ugonjwa kumbe ni barabara. Ikibidi, chupa ibebwe karibu na mwili, si juani wala kwenye friji. Kondomu ya kawaida, sabuni na mate vinadhuru mbegu. Tone la kwanza likimwagika sema, maana ndilo lenye mbegu nyingi.

Sasa karatasi. Viwango vya chini vya WHO (Shirika la Afya Duniani) vya 2021 ni mililita 1,4 za manii, mbegu milioni 16 kwa mililita, na 30% zinazosonga mbele. Labo inayokulinganisha na milioni 20 bado inatumia kitabu cha 1999. Kuwa chini ya kiwango si utasa; rudia baada ya miezi mitatu hivi, kwa kuwa mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kukomaa.

Bei? Yote mfukoni mwako. Uzazi wa bure uliozinduliwa Kinshasa Septemba 2023 unahusu mimba, kujifungua na mtoto mchanga. Asiyeshika mimba hana mlango hapo. Je, serikali ilipie pia wanaotafuta mtoto? Anayesema pesa yake itangulie kwa malaria ana hoja, tukizungumzia mimba ya maabara, yaani yai kurutubishwa nje ya mwili. Kipimo hiki ni kitu kidogo, tena kinamwondolea mke lawama ambayo mara nyingi si yake. Ila pesa ya serikali ije na masharti. Ubelgiji, tangu Julai 2003, inalipia mimba ya maabara hadi mizunguko 6 kwa wanawake wasiofika miaka 43, na kliniki zikakubali kupunguza idadi ya viinitete vinavyorudishwa tumboni. Kwetu sharti lingekuwa chumba, na nyakati mbili kwenye karatasi: saa ya kutoa na saa ya kupima. Zikikosekana leo, dai kipimo kirudiwe bila kulipa.