Buti la mtumba la elfu 45: uzoefu wangu Lushoto mpaka Mtae

Nianze na sifa maana siwezi kulisema lote vibaya. Nililitoa mtumbani Dar kwa elfu 45, muuzaji alianzia 70, buti la kupandia milima, ngozi halisi, limepanda mpaka juu ya kifundo, meno ya chini yote yapo, yani unaona kabisa aliyekua nalo huko Ulaya alilivaa mara mbili tatu akalitupia kabatini. Nikajiona mjanja wa mwaka. Hayo meno mazima ndo yaliyokuja kuniponza.

Tulikua watatu, mimi, binamu yangu na kijana mwenyeji wa kutuongoza, siku tatu kwa mguu mwezi wa saba, Lushoto, msitu wa Magamba, Lukozi, Rangwi, halafu Mtae kule mwisho wa milima. Kwa ambaye hajafika Usambara asidhani ni mlima wa kupanda ukashuka ukamaliza, hapana, ni kupanda, kushuka bondeni, kupanda tena, katikati ya kabichi na viazi na maharage, unapishana na kina mama wamebeba mizigo kichwani wanakupita mlimani kama umesimama. Asubuhi ukungu na baridi ya kweli, na ule udongo mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni.

Siku ya kwanza buti nalipa tano kwa tano. Magamba njia ina mizizi na majani yaliyooza, mimi nakanyaga tu, kifundo kimeshikwa, maji hayaingii, mpaka nikapata muda wa kuangalia mbega juu ya miti. Binamu yangu alikua na raba zake za mjini za elfu 15, alikula mweleka mara mbili na nikamcheka, Mungu anisamehe.

Siku ya pili tumeiacha Lukozi, tunashuka, nasikia nyuma yangu pwata pwata kama mtu anatembea na kandambili. Nageuka, hakuna mtu. Ni mimi! Soli ya kulia imeachia kuanzia kisigino inaning'inia kama ulimi. Nikasema ni gundi tu, haijapita nusu saa na la kushoto nalo likafuata. Nilivyoshika ile sehemu iliyoachia ikamung'unyuka mkononi kama mkate mkavu, na hapo ndo nikaelewa tatizo sio gundi.

Ngoja niwaeleze hapa maana hela yangu imeshaenda, yako bado. Kati ya ngozi na yale meno ya raba kuna tabaka laini la kupunguza mshtuko, kwenye mabuti mengi ni poliyurethani, aina ya plastiki. Kitu hiki kinaliwa na unyevu wa hewa taratibu toka siku kinatoka kiwandani, uvae usivae, hata kikiwa kwenye boksi lake, na mengi yanaishi miaka mitano mpaka kumi hivi basi. Sasa la mtumba limekaa kabatini kwa mwenyewe miaka hujui mingapi, likaja kwenye belo, likafika Dar na joto na unyevu wetu. Kwa macho ni jipya kabisa, ndani limeshaoza. Kwahiyo ukishika buti usiangalie meno, bonyeza lile tabaka kwa kidole gumba kwa nguvu, likipasuka nyufa ndogo ndogo au likiacha unga, rudisha. Chungulia na lebo ndani ya ulimi wa kiatu, mengine yameandikwa mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Na ukishanunua tembea nalo mtaani wiki mbili ukiwa na begi mgongoni, mimi nililivaa kwa mara ya kwanza Lushoto, ujinga wangu huo simlaumu mtu.

Kilichoniokoa ni takataka ambazo binamu alinicheka nilipokua napanga begi. Selotepu pana ya kijivu, mita kama tano za kamba ya nailoni, taa ya kichwa, filimbi, kandambili. Selotepu kwenye tope haikumaliza robo saa. Kamba ilikaa, unaipitisha chini mbele ya kisigino pale penye uwazi isikanyagwe sana, unazungusha kwenye kifundo, ila meno yakishafunikwa na kamba breki hakuna, ikabidi nishuke kiupande upande na fimbo kama mzee. Kandambili nilijaribu kwenye mteremko, hatua sita nikavua. Bondeni simu haikushika mtandao, yule kijana alipopata kwenye kilima akapiga tunapokwenda kulala kwamba tutachelewa, wasipotuona mpaka saa moja watutafute njia ya Lukozi. Sikuwaza kabisa hilo, nilikua nawaza soli. Tulitegemea kufika saa tisa, tulifika Rangwi saa kumi na mbili na nusu giza linaingia na ukungu umeshuka, taa ziko vichwani.

Asubuhi tukaelekezwa kwa fundi viatu, mzee mmoja ana kibao chake nje ya nyumba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leta tumuone mgonjwa."

Akaligeuza, akatia kidole, unga ukamwagika chini. "Huyu alifia kabatini," akasema, "wewe umekuja kumzika tu."

Akakwangua tabaka lote lililooza, akakata tairi kuukuu akashona na uzi wa nailoni pembeni kuzunguka kote, kazi ya saa mbili na kitu, elfu nane mabuti yote mawili. Nikatembea nalo mpaka Mtae. Kwenye udongo mkavu linashika vizuri tu, kwenye jiwe lenye maji omba Mungu, na ni zito hatari, jioni mapaja yalikua yanatetemeka yenyewe. Ila lilifika. Mtae unasimama ukingoni unaona mbuga za Mkomazi chini kabisa, Kilimanjaro tuliambiwa huonekana hewa ikiwa safi, sisi tulipewa mawingu.

Hukumu yangu, ngozi nne kwa tano, soli sifuri, fundi wa Rangwi tano na nyongeza. Bado ninalo, nalivaa shambani. Nikipata hela nanunua jipya lenye tarehe, na kama sina naenda na raba. Binamu alifika Mtae na zile zile za elfu 15, zimechafuka tu, na njia nzima ya kurudi kwenye basi alikua amezipandisha kwenye begi lake juu kabisa ili nizione.