Nimeosha injini ya IST mara mbili: kwa presha, kisha kwa brashi

Gari langu ni Toyota IST ya mwaka 2004, injini ya 1NZ, lita 1.5. Ninaliendesha tangu 2019, na kila baada ya miezi miwili hivi linanipeleka Kilindi kwa wazazi: Dar, Chalinze, Mkata, Handeni, halafu vumbi. Anayeijua safari hiyo anajua chini ya boneti panakuwaje ukirudi. Vumbi jekundu linaingia kila upenyo, likikutana na mafuta kidogo linagandamana kama lami, na likishakaa miezi kadhaa huwezi tena kujua kama injini inavuja au ni uchafu tu.

Nimelipia kuoshewa injini mara mbili, kwa watu wenye namna mbili tofauti kabisa za kufanya kazi. Mara ya kwanza ilinigharimu koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa kuchoma petroli. Mara ya pili iliniokoa nisikwame porini.

Ya kwanza ilikuwa sehemu ya kuoshea magari kando ya barabara. Nilipeleka gari lioshwe nje na ndani, kijana akaniuliza, "Dada, tukuoshee na injini? Elfu kumi tu, inakuwa kama imetoka Japani jana." Nikakubali. Gari lilikuwa limeingia wakati huohuo kutoka kwenye foleni, feni ya rejeta bado inazunguka. Wakanyunyiza mafuta ya taa yaliyochanganywa na sabuni, wakasugua juu juu, kisha wakaelekeza bomba la presha katikati ya injini, palepale zilipo koili. Hata dakika kumi hazikufika. Ilimeremeta, hilo siwanyimi.

Nilikwenda kama kilomita mbili. Gari likaanza kutetemeka kwenye foleni, nikikanyaga mafuta halivuti, na taa ya injini kwenye dashibodi ikawa inapepesa. Taa hiyo ikiwaka tu bila kupepesa, mara nyingi unaweza kujikokota hadi gereji. Ikipepesa, maana yake injini inamisi kiasi kwamba petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi, na kichujio cha moshi kilichomo humo kinaweza kuharibika kwa joto. Siku ile sikulijua hilo. Niliendesha hivyohivyo hadi nyumbani, na mpaka leo najuta.

Kesho yake fundi umeme alikuja na mashine yake ya kupimia. Ikasoma P0302, yaani silinda ya pili haichomi. Akafungua boliti ya koili kwa spana namba 10, akaivuta, akaniita nitazame. Shimo la plagi lilikuwa na maji. Akanifafanulia vizuri, na nayarudia hapa kwa sababu wengi hatuelezwi: kila silinda ina koili yake, imesimama juu ya plagi ndani ya shimo refu, na mdomo wa shimo unazibwa na mpira wa koili yenyewe. Mpira ule uliwekwa kuzuia maji ya mvua na matone ya barabarani. Haukuwekwa kuzuia bomba la presha linalopigwa kutoka hatua moja. Na kwenye gari la miaka ishirini mpira umeshakakamaa, hauzibi kama zamani. Maji yakituama pale, umeme badala ya kuruka kwenye ncha ya plagi unapita pembeni kwenye maji na kuishia kwenye chuma.

Alikausha mashimo yote manne kwa kompresa. Koili tatu zikapona. Ya pili ilikuwa imepata ufa mwembamba, ikabidi ibadilishwe. Koili ya Denso iliyotumika nilinunua Shaurimoyo, Ilala, kwa shilingi 55,000, na ufundi 20,000. Nilirudi kule nilikooshewa kuwaeleza. Wakaniambia gari lilikuwa na ugonjwa wake tangu lilipoingia. Sikubishana, ila niliumia, kwa sababu lilipoingia halikuwa na shida yoyote ya injini na walilisikia likinguruma.

Baada ya hapo sikumruhusu mtu kugusa injini kwa karibu miaka miwili. Uchafu ukarudi wote, ukazidi.

Mara ya pili ni mwezi wa tatu mwaka huu. Rafiki yangu wa kazini alinielekeza kwa kijana anayesafisha magari kwa kuwafuata wateja nyumbani. Bei yake ya injini peke yake ni shilingi 50,000, na niliposikia nilisita. Nikamuuliza kwa simu atatumia presha? Akanijibu, "Hapana dada, presha kwenye injini mimi situmii. Na naomba usiliwashe gari asubuhi hiyo, nilikute la baridi." Jibu hilo ndilo lililonifanya nimwite. Injini ikiwa ya moto dawa inakauka kabla haijafanya kazi na kuacha madoa, na maji baridi yakipiga ekzosi iliyochemka chuma kinaweza kupasuka. Mtu anayeanza kwa kuuliza habari ya joto anajua anachogusa.

Alichelewa saa nzima. Hilo lilinikera, kwa sababu nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, na hakupiga simu mpaka nilipompigia mimi.

Alipofika kazi ilianza bila maji kabisa. Alifungua boneti, akapiga picha kila upande kwa simu yake, akanionyesha kona ambazo plastiki zilikuwa zimeshavunjika ili baadaye tusilaumiane. Kisha akapuliza vumbi kwa kompresa ndogo, akifuatisha na brashi ya rangi yenye nywele laini. Kwenye mfereji chini ya waipa alitoa majani ya mwarobaini kiasi cha kujaza bakuli. Majani hayo yakiziba njia ya maji, mvua inatafuta njia nyingine, na mara nyingi inaangukia miguuni mwa abiria wa mbele. Nilikuwa na zulia lenye harufu ya ukungu tangu masika yaliyopita na sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili.

Halafu akafunika. Alichomoa waya hasi wa betri kwanza. Altaneta, boksi la fyuzi, koili zote nne na mdomo wa kuingizia hewa akavifunga kwa karatasi ya fedha ya jikoni na nailoni nyembamba ya kufungia chakula. Akaniambia zamani walikuwa wakitumia rambo, lakini tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 alihamia kwenye karatasi hiyo, na ameiona bora kwa sababu inafuata umbo la kitu na inakaa ilipobanwa.

Dawa aliyotumia ni ya kuondoa grisi, ile inayochanganywa na maji, haikuwa mafuta ya taa. Kwenye plastiki na mabomba ya mpira aliifanya nyepesi, kipimo kimoja kwa maji kumi. Kwenye chuma chenye mafuta yaliyoganda aliifanya nzito zaidi. Mafuta ya taa huvimbisha mipira na kuichosha, na kama yamebaki kwenye kona halafu ekzosi ikapata moto, hapo unacheza na nyumba yako. Alipulizia sehemu ndogo, akasubiri dakika mbili tatu, akasugua kwa brashi na mswaki, akafuta, akahamia sehemu nyingine. Maji ya kusuuzia yalitoka kwenye bomba la kupulizia dawa shambani, la mkono, kama ukungu tu. Kwa injini nzima sidhani kama zilitumika lita tano.

Vichwa vya betri vilikuwa na unga mweupe wenye ukijani uliotokana na tindikali. Alivimwagia maji ya moto yenye magadi niliyomtolea jikoni, unga ukachemka povu na kuisha, akakausha na kupaka grisi kidogo. Tangu siku hiyo gari linawaka kwa mshindo mmoja.

Kukausha peke yake kulichukua zaidi ya nusu saa. Alifungua kila kifuniko alichoweka, akapuliza soketi moja moja, akang'oa koili zote kuhakikisha mashimo ni makavu. Nilisimama pale nikitazama shimo la silinda ya pili mpaka nikaridhika. Ndipo akarudisha betri na kuliwasha, likanguruma robo saa boneti ikiwa wazi. Halikutetemeka.

Mwisho alinipa uchaguzi: dawa ya kung'arisha yenye silikoni, au ya maji isiyong'aa sana. Ile inayong'aa huvuta vumbi, na ikigusa mkanda wa altaneta unateleza na kupiga kelele. Nikachagua ya maji, akapaka kwenye plastiki na mabomba tu. Injini yangu haing'ai. Inaonekana safi, ya miaka yake.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko yote. Akiwa anakausha aliniita, "Dada, njoo uone hapa." Pembeni ya pampu ya maji palikuwa na ukoko wa rangi ya waridi. Ni kulanti, maji ya rangi ya kupozea injini, iliyokuwa ikivuja tone tone, inakauka kabla haijafika chini, ndiyo maana sikuwahi kuona kitu sakafuni. Vumbi la Kilindi lilikuwa limeifunika. Na kwenye ukingo wa tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, palikuwa na mstari wa mafuta mabichi ulioshuka kuelekea kwenye ekzosi. Ile harufu ya kuungua niliyokuwa nikiisikia kwenye taa za barabarani, nikidhani ni ya daladala iliyo mbele yangu, ilikuwa ya gari langu.

Hakujifanya fundi. Alisema niendeshe wiki moja kisha nifungue boneti, kwa sababu injini ikishakuwa safi kivujio kitajichora chenyewe. Nilifanya hivyo, na kilijichora. Fundi wangu alibadilisha pampu na gasketi ya tapeti kava, siku tisa kabla ya safari ya Pasaka. Pampu ingekatika kati ya Handeni na kijijini kwetu ningekuwa na mama yangu mgonjwa garini, na jua la saa saba.

Kwa sababu hiyohiyo, ndugu zangu wanaonunua magari ya mkononi nawaomba wasishawishike na injini iliyooshwa asubuhi ya kuoneshwa. Usafi wa siku hiyo umefuta ushahidi. Liendeshe, rudi baada ya siku kadhaa kama mwenye gari atakubali, tazama tena.

Ya kulalamikia kwa kijana huyu: kuchelewa, kibanio kimoja cha kava alikivunja (alisema mwenyewe kabla sijaona, na alileta kingine siku ya pili), na ule mfuniko wa kitambaa ulio chini ya boneti hakuweza kutoa madoa yake. Chini ya injini pia hafanyi, ana jeki tu. Kwa kumi nampa nane na nusu, na nimeshamwekea miadi baada ya masika.

Jumamosi iliyopita nimefungua boneti kabla ya kwenda sokoni, nikapitisha tishu nyeupe chini ya ukingo wa tapeti kava, kisha pembeni ya pampu. Imetoka na vumbi kidogo. Mafuta hakuna.