Ramani ya ukutani ya bahari hatari duniani: hodari kwa mikondo, pungufu kwa watu

Kwa mwaka mzima sasa nimekuwa nikifundishia somo la jiografia kwa ramani kubwa ya ukutani inayoonyesha bahari hatari za dunia, na nimeitumia kiasi cha kutosha kuweza kueleza inapofaa na inapokosea. Karatasi yake ni ngumu na rangi hazijapauka, ingawa maandishi ya ufunguo ni madogo mno kwa mtu aliyeketi nyuma ya darasa.

Uzuri wake mkubwa ni mishale ya mikondo na pepo. Katika mlango wa bahari wa Drake, kati ya Cape Horn na visiwa vya Shetland Kusini, mwanafunzi anaona mwenyewe kwamba pepo za magharibi huizunguka dunia nzima bila kukutana na nchi kavu, na kwamba maji yanayosukumwa nazo hulazimika kupenya kwenye nafasi ya kilomita 800 hivi. Baada ya hapo hahitaji kuambiwa kwa nini mabaharia wamepaogopa tangu enzi za matanga. Mkondo wa Agulhas nao umechorwa vizuri zaidi kuliko nilivyowahi kuona kwingine. Mkondo huo hushuka kwa kasi kuelekea kusini-magharibi ukiambaa na pwani ya Afrika Kusini, ukakabiliana na mawimbi yanayotoka upande wa Antaktiki, nayo mawimbi yakafupika na kusimama kama kuta. Katika njia hiyo, kati ya Durban na Cape Town, meli ya abiria Waratah ilitoweka Julai 1909 ikiwa na watu 211, na mabaki yake hayajapatikana hadi leo.

Pembeni mwa Bahari ya Kaskazini kuna maelezo mafupi ambayo wanafunzi wangu huyarudia mara kwa mara. Tarehe 1 Januari 1995, kipimo cha leza kwenye jukwaa la gesi la Draupner, upande wa Norway, kilirekodi wimbi la takribani mita 26, huku mawimbi makubwa ya dhoruba hiyo yakiwa ya mita 12 hivi. Kabla ya hapo, wataalamu wengi walidhani manahodha waliosimulia mawimbi ya namna hiyo walikuwa wakitia chumvi.

Lakini wachoraji hao hao waliojali vipimo wameipa Pembetatu ya Bermuda, eneo la Bahari ya Atlantiki linalosimuliwa kumeza meli na ndege kimiujiza, rangi nyekundu iliyokolea kuliko bahari nyingine zote, pamoja na picha ya ndege tano za mafunzo zilizopotea tarehe 5 Desemba 1945. Hili sikubaliani nalo kabisa. Walinzi wa Pwani wa Marekani hawalitambui eneo hilo kuwa na hatari ya pekee, na meli nyingi hupita humo kila siku. Lina vimbunga na mkondo wa bahari wenye nguvu uitwao Mkondo wa Ghuba (Gulf Stream), navyo vinatosha kueleza ajali bila kuhitaji miujiza.

Kasoro inayoniuma zaidi ni kwamba Ghuba ya Bengali na Bahari ya Mediterania zimeachwa na buluu tulivu. Kimbunga cha Novemba 1970 kiliyasukuma maji ya ghuba hiyo, ambayo upande wa kaskazini ina kina kifupi na umbo la faneli, yakafunika visiwa na nyanda za nchi ambayo leo ni Bangladesh, na watu wasiopungua 300,000 wakafa. Mediterania haina mawimbi ya Drake, lakini tangu 2014 watu zaidi ya 25,000 wamekufa au kupotea humo wakijaribu kuvuka, wengi wao katika mashua za mpira na za mbao zilizojazwa kupita kiasi. Anayeipima hatari kwa urefu wa wimbi peke yake hawezi kuwaona watu hawa, kwa sababu bahari inayoitikisa tu meli ya chuma huipindua mashua ya mpira.

Kwa kufundishia mikondo na pepo ninaipendekeza ramani hii bila kusita. Kwa hatari yenyewe, mwalimu ajiandae kuijazia: yangu nimeibandika vipande vyekundu katika bahari hizo mbili, na kando ya kila kimoja nimeandika idadi ya waliokufa.