Hifadhi ya Mapango ya Škocjan, Slovenia: nenda kwa ajili ya mto

Kama unachotafuta ni nguzo za chokaa tu, Ulaya ina mapango mengi ya kukuridhisha. Škocjan naipa alama za juu kabisa kwa sababu ya mto Reka. Mto huo unatoka mbali ukipita juu ya miamba isiyopitisha maji, lakini ukifika kwenye mawe ya chokaa unazama chini ya kijiji. Maji yake huibuka tena kwenye chemchemi za Timavo, Italia, zaidi ya kilomita 30 kutoka hapo.

Ziara ya kuongozwa huchukua saa mbili hivi: kilomita 3 na ngazi zaidi ya 500. Sehemu ya kwanza ni Pango Kimya, lenye nguzo nyingi. Usimalizie nguvu zako hapo. Baadaye utausikia mto kabla ya kuuona, kisha njia inakufikisha kwenye daraja la Cerkvenik, mita 45 hivi juu ya maji. Hapo ndipo utajua nauli yako haikupotea.

Ndani ni nyuzi 12 hivi hata wakati wa kiangazi, kwa hiyo beba koti. Vaa viatu vinavyoshika. Njia imelowa na inateleza, kandambili hazifai kabisa. Mwenye magoti mabovu afikirie mara mbili, maana njia ya kutoka inaishia ndani ya shimo kubwa, Velika dolina, lenye kina cha mita 165. Lifti ya mteremko ipo, ila usiitegemee: ikisimama, unapanda kwa miguu.

Mvua kubwa ikinyesha kule juu, uliza kabla ya kusafiri. Mlango wa maji mwishoni mwa pango ni mwembamba, hivyo mafuriko hukosa pa kupita na kurudi nyuma. Mwaka 1965 maji yalipanda zaidi ya mita 100 humo ndani.

Ninachotamani waongozaji wakieleze kwa kirefu zaidi ni uchafuzi. Hifadhi yenyewe ni hekta 413 tu, ilhali bonde la Reka ni kubwa mara nyingi zaidi. Kwenye karsti, yaani ardhi ya mawe ya chokaa yenye nyufa na mapango, maji hupita kwenye nyufa bila kuchujwa na udongo, kwa hiyo taka inayomwagwa juu huko inaingia pangoni kama ilivyo, na inawafikia viumbe wasio na macho wanaoishi gizani.

Ukibakiwa na muda, zunguka mashimo kwa njia ya juu. Kutoka ukingoni unaona mto ukiingia ardhini.