Tiba ya saratani ya ovari Tanzania: dripu tumeikubali, kisu cha kwanza bado

Mwanamke akipewa rufaa ya Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar es Salaam, mtaani watasema anaenda kuchomwa mionzi. Kwa saratani ya ovari, mionzi hutumika mara chache sana. Kazi kubwa hufanywa na kisu na kemo, yaani dripu za dawa za saratani, na katikati yake kuna kichupa cha kinyama, kipande cha uvimbe kinachopelekwa maabara. Huduma hii tumeipima kwa vitu hivyo vitatu.

Kemo kwanza, maana ndiyo inayotia moyo. Mpango wa kawaida ni uleule wa London: paklitakseli na kaboplatini, kila baada ya siku 21, mara 6. Dawa zote mbili zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO. Mgonjwa wa Kanda ya Ziwa hana haja ya kuhamia Dar es Salaam, hospitali ya Bugando, Mwanza, wanatoa. Kaskazini ipo hospitali ya KCMC, Moshi.

Paklitakseli hukadiriwa kwa eneo la mwili, miligramu 175 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mama mwenye eneo la mita za mraba 1.6 anapata miligramu 280 kwa saa 3. Kaboplatini hufuata figo: chukua kasi ya figo kuchuja, ongeza 25, zidisha kwa 5 au 6. Figo zikichuja mililita 80 kwa dakika, kwa kuzidisha 5 unapata miligramu 525. Hapo pana mtego. Kaboplatini huja kwenye vichupa vya miligramu 450 na vya 150. Stoo ikikaukiwa na ndugu wakaambiwa wanunue nje, wengi huishia kichupa kimoja kikubwa. Hiyo ni pungufu ya karibu asilimia 14, na siku ile hakuna atakayegundua. Dripu itaisha salama na mgonjwa atarudi nyumbani. Cheti kiandike miligramu, kisiandike "kichupa 1".

Mtego wa pili ni deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kuzuia mzio. Paklitakseli huweza kuleta mzio mkali, uso kuiva, kifua kubana na presha kushuka, mara nyingi ndani ya dakika 10 za mwanzo za dripu ya kwanza au ya pili. Ndiyo maana mgonjwa humeza deksamethasoni miligramu 20 ikiwa imebaki muda wa saa 12 kabla ya dripu, na 20 tena ikiwa zimebaki saa 6. Sasa fanya hesabu ya kidonge cha miligramu 0.5: ni vidonge 40 kwa mkupuo mmoja, jumla 80. Mtu akisoma hivyo anadhani mwandishi kakosea, anameza vinne, analala. Kituo kinachojua kazi yake hakimwachii mgonjwa mzigo huo. Kinampiga sindano ya miligramu 20 nusu saa kabla, pamoja na dawa ya mzio, na nesi anakaa kando ya kitanda dakika 15 za mwanzo. Mpira wa dripu nao usiwe ule wa kawaida wa PVC, kwa kuwa kimiminika kilichobeba paklitakseli huyeyusha kemikali za plastiki hiyo. Unatakiwa mpira usio na PVC, wenye kichujio cha mikroni 0.22. Ukiona mpira wa maji ya chumvi umefungwa kwenye paklitakseli, uliza.

Kisu cha kwanza ndicho kinachotutia shaka. Operesheni sahihi ni chale ya wima iliyo ndefu, kutoa mfuko wa uzazi, ovari zote mbili na mirija, na lile shuka la mafuta linaloning'inia mbele ya utumbo, kisha kutafuta mabaki hadi yasionekane kwa macho. Mabaki yanayoachwa ndiyo hupunguza miaka. Kinachotokea hospitali nyingi za wilaya ni hiki: ultrasaundi inaandika "uvimbe wa maji", mgonjwa anafunguliwa kwa chale fupi ya mlalo, uvimbe unatobolewa ili upite, tumbo linafungwa. Saratani iliyokuwa ndani ya ganda sasa imemwagika tumboni. Kabla ya kukubali kufunguliwa, aliyekoma hedhi na ana uvimbe wenye sehemu ngumu, au maji tumboni, apelekwe kwanza kwa bingwa wa saratani za wanawake. Kipimo cha damu cha CA-125 kikiwa juu ya 35 kinasaidia kuamua, lakini hupandishwa pia na faibroidi, mimba na TB ya tumbo. TB hiyo huleta maji tumboni na kukonda vilevile, kwa hiyo asianzishwe mtu kemo kwa CA-125 peke yake.

Kwa msichana ni habari nyingine. Umri wa miaka 15 hadi 25, uvimbe mgumu wa ovari moja mara nyingi hutokana na seli za mayai, na huo hupona vizuri kwa dawa tofauti: bleomisini, etoposidi na sisplatini. Huondolewa ovari moja tu. Kumtoa zote mbili pamoja na mfuko wa uzazi kabla ya majibu ni kosa lisilorudishika. Damu yake ipimwe AFP na hCG, alama za uvimbe wa aina hiyo, kabla ya kisu.

Kinyama sasa. Kiwekwe kwenye formalini ya asilimia 10, ujazo mara 10 ya nyama, chombo chenye mdomo mpana. Uvimbe mkubwa ukisokomezwa kwenye chupa ya mdomo mwembamba, formalini haifiki katikati, nyama inaoza kwa ndani, na majibu yanarudi "haisomeki". Maji ya chumvi hayahifadhi kitu. Maji yaliyotolewa tumboni yasimwagwe yote kwenye ndoo; mililita 50 au zaidi ziende maabara siku hiyohiyo. Mgonjwa aliyefika dhaifu, tumbo limejaa, anaweza kuanza na kemo 3, akafanyiwa operesheni, akamalizia 3, ila kwanza jibu la maabara liwepo.

Gharama: kwa sera saratani imo kwenye magonjwa yenye msamaha, ila nauli na malazi mara 6 ni juu ya familia. Kupunguza safari ya bure, picha ya damu ifanyike hospitali ya karibu siku moja au mbili kabla ya kuondoka. Nyutrofili (chembe nyeupe zinazopambana na maambukizi) zikiwa chini ya 1.5 au chembe sahani (za kugandisha damu) chini ya 100, dripu itaahirishwa. Piga simu kwanza, usipande basi. Joto likifika 38 kati ya dripu na dripu, ni hospitali usiku huohuo, si panadoli.

Kupona? Kwa takwimu za Marekani, ukikutwa bado ndani ya ovari zaidi ya 9 kati ya 10 wanafika miaka 5. Ukishasambaa mbali, takriban 3. Wengi waliosambaa hurudiwa. Ukirudi baada ya miezi 6 tangu dripu ya mwisho, kaboplatini bado ina nafasi ya kufanya kazi, kwa hiyo tarehe ya dripu ya mwisho iandikwe juu ya jalada, ionekane. Ukirudi mapema zaidi, nafasi hiyo ni ndogo; kwa maumivu, ulizia morfini ya kunywa, na kila anayeipewa apewe na dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo.